Mizinga Isiyo na Miti

Jepkemboi alikuwa akigeuza kola ya shati la mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kazi inayotaka macho na uvumilivu, Nelima alipogonga kichwa kwenye mzinga wa nyuki. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa tano mwaka 2006, kwenye roshani ya nyumba ya ghorofa mtaani Tuwan, mjini Kitale. Nelima, jirani wa chumba cha pili, alikuwa ametoka na beseni la nguo alizofua. Aliinua mikono kuanika shuka, na paji la uso wake likakutana na gogo.

"Mama Sandra," alimwita Jepkemboi akijisugua, "nani ametundika hii kitu hapa? Si angetuambia kwanza."

Jepkemboi alisimamisha cherehani akatoka. Mzinga ulikuwa wa gogo la mutarakwa, yaani mwerezi, umechongwa kwa mkono na kuzibwa pande zote mbili kwa vifuniko vya mbao, na ulinukia moshi kidogo. Ulikuwa umekaa hewani, pembeni mwa ukingo wa roshani, bila kamba na bila msumari. Jepkemboi alipitisha mkono juu yake, akaupitisha na chini yake, asiguse chochote. Nyuki waliingia na kutoka kwenye tundu lao dogo wakishughulika na mambo yao. Nelima alihamishia kamba ya nguo upande wa pili wa mlango, akaanika shuka zake, akarudi ndani kuangalia maharagwe jikoni.

Kufika saa sita ilijulikana kwamba mizinga iko kila mahali. Sokoni kulikuwa na kadhaa juu ya akina mama wanaouza vitunguu vya Chwele. Stendi ya magari ilikuwa nayo. Benki moja ilipata mzinga ndani, umegusa dari, na karani aliyeketi chini yake akaomba ahamishiwe dirisha lingine, akakubaliwa. Waendesha bodaboda walijifunza siku ile ile mahali pa kuinamisha vichwa. Watu walinung'unika kuhusu nyuki jinsi wanavyonung'unika kuhusu mashimo ya barabarani, halafu wakarudi kuzungumzia bei ya mahindi.

Mtu wa kwanza kuisoma mizinga ile alikuwa babake Jepkemboi. Mzee Kiptanui alikuwa amepita miaka themanini, na alikuwa akiishi na bintiye tangu mkewe afariki. Aliposikia sauti za nyuki alitoka na fimbo yake, akasogea ukingoni, akapapasa kifuniko cha mzinga kwa kidole gumba. Pale palikuwa na mikato miwili iliyopishana na doa la kuchomwa kwa chuma. Aliongea kwa lugha ya kwao, ambayo pale Tuwan hakuna mwingine aliyeisikia isipokuwa binti yake.

"Huu si wetu," alisema. "Ni wa ukoo wa mamangu. Msiuguse."

Kisha akaomba viatu vyake.

Hao wawili walikuwa Wasengwer. Ukimwambia mtu mjini Kitale kwamba wewe ni Msengwer, anakutazama kama mtu anayesubiri umalize sentensi. Jepkemboi alikuwa ameulizwa kwao ni wapi tangu darasa la kwanza. Wengine waliulizwa wakajibu Webuye, wakajibu Kapenguria, wakajibu Nyeri, mambo yakaisha. Yeye alijibu hapa. Hapa Kitale. Na kila mara mwulizaji alicheka kwa upole akasema, hapana, namaanisha kwenu hasa. Kadiri miaka ilivyoenda, swali hilo lilikuwa limemjaza hasira ambayo hakuweza tena kuificha, hata kwa wateja.

Kabla Kitale haijawa mji, nyanda hizi zilikuwa msitu na malisho, na msitu uligawanywa kwa mizinga. Ukoo huu ulitundika kutoka mto huu hadi jabali lile, ukoo mwingine ukaanzia hapo. Kila mzinga ulichongwa alama ya mwenyewe. Mtu aliweza kulala njaa chini ya mzinga wa mwenzake, asali ikichuruzika, akaamka asubuhi akaenda zake. Haikuhitaji ua wala mlinzi. Alama ilitosha.

Na hapo ndipo walipokosea. Wazungu walipokuja na minyororo yao ya kupimia mashamba na kuwaambia wahamie juu milimani, wazee hawakubishana sana. Waliambizana kwamba hawa wanataka majani ya ng'ombe wao tu. Mizinga ina alama, nani ataigusa? Walichukua mbuzi, vibuyu na watoto, wakaiacha. Waliporudi msimu wa asali walikuta visiki. Miti ilikuwa imeangushwa, ikavutwa kwa ng'ombe hadi kwenye marundo, ikachomwa pamoja na mizinga yake. Kiptanui alikuwa mvulana aliyechongewa mzinga wake wa kwanza mwaka ule. Aliukuta majivu, na asali imeungua ikagandana na udongo. Babake alimwambia kwamba watu wale hawakujua kusoma alama. Wangejua, wasingechoma. Kiptanui aliliamini neno hilo akiwa mtoto, akaliamini akiwa kibarua kwenye mashamba ya watu hao hao, na alikuwa bado analiamini akiwa mzee wa meno matatu.

Uhuru ulipokuja mashamba yaligawanywa tena, yakaenda kwa wenye hisa na wenye jamaa ofisini. Wasengwer hawakuwa na hisa wala jamaa. Walikuwa na alama kwenye mizinga iliyokwisha kuwa majivu.

Basi wiki ile Kiptanui alitembea mjini akiangalia juu, na bintiye akamfuata, mashati ya watu yakikaa bila kushonwa. Alisoma kila mzinga. Huu wa fulani, aliyekuwa na mguu mbaya. Huu wa kina fulani, waliohamia Cherang'any na hawakurudi. Huu wa juu ya duka la vipuri ni wa mtu mchoyo sana, hata nyuki wake walikuwa wakali. Alivua kofia mbele ya kila mmoja na kusalimu. Wenye maduka walimwona wakadhani anatafuta anwani. Mwenye duka la vipuri, Gicheru, alimletea kiti akae apumzike, kisha akamwuliza, kwa nia njema kabisa, kwao ni wapi.

Mzinga wake mwenyewe aliukuta ndani ya Nyumba ya Kumbukumbu.

Nyumba hiyo ilikuwa ghala la zamani la mahindi la mzungu mmoja, na kamati ya watu wakubwa wa mjini ilikuwa ikiikarabati ili iwe makao ya historia ya mji. Kila jamii ya Kitale ilipewa chumba. Jamii kubwa zilikuwa na vyumba vyenye madirisha, majina yakiandikwa kwa rangi juu ya milango. Chumba cha mwisho, karibu na choo, kiliandikwa JAMII ZA MLIMANI NA NYINGINEZO. Ukumbi wa katikati uliachwa kwa hotuba, na katikati ya ukumbi huo, juu kabisa chini ya mabati, mzinga wa Kiptanui ulikuwa umetulia ukivuma. Ulikuwa mdogo kuliko mingine, kwa maana ulichongwa kwa kipimo cha mikono ya mvulana. Ulikuwa na alama ya ukoo, na chini yake mkato mmoja wa ziada uliokwenda upande, ambao aliukata mwenyewe kisu kikiteleza.

Mzee alicheka peke yake. Jepkemboi hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu mazishi ya mamake. Papo hapo alijua anachotaka: kwamba kabla mzee huyu hajafa, aone jina la watu wake limeandikwa kwenye nyumba hii, kwa herufi kubwa kama za wengine, na liwe limeandikwa kwa ukweli.

Katibu wa kamati aliitwa Wakhungu, mtu mcheshi, mwenye tai fupi na salamu ndefu. Aliwakaribisha viti. Alisikiliza yote bila kukatiza, akatikisa kichwa pale panapofaa, kisha akauliza ngoma yao ni ipi.

"Ngoma?" Jepkemboi aliuliza.

"Kila chumba kina ngoma, chakula na mfano wa nyumba ya kienyeji. Nyinyi mko na nini, mama?"

Jepkemboi alinyoosha kidole juu, kwenye mzinga.

"Hiyo tumeshaiweka kwa vifaa vya nyumba," Wakhungu alisema. "Tena tumeifungia kamba isiguswe."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wameweka nguzo nne sakafuni chini ya mzinga na kuzizungushia kamba nyekundu, na kwenye nguzo moja kulikuwa na kibao: MZINGA WA KALE. JAMII ZA MLIMANI. Jepkemboi aliomba chumba, hata kidogo. Wakhungu akasema vyumba vimekwisha, lakini hawawezi kukosa nafasi kwenye chumba cha mwisho, si wako karibu karibu na Wamarakwet? Aliomba basi maneno ya kibao yabadilishwe. Wakhungu akasema maneno si yake, maneno yote ya nyumba na ya kitabu cha historia ya mji kinachoandaliwa ameyaandika mwalimu Wekoye, aliyestaafu na kurudi kwake Bungoma. Yeye Wakhungu hawezi kumsahihisha mwalimu.

Njiani kurudi Tuwan, mzee alikuwa na furaha.

"Yule kijana ana adabu," alisema. "Ameona alama, akaweka kamba ili mtu asiguse. Unaona? Wameanza kusoma."

Jepkemboi aliongeza mwendo. Alikuwa amekasirikia watu wengi siku ile, na ilimwuma kwamba mmoja wao alikuwa babake.

Bungoma alikwenda peke yake, siku ya Alhamisi, akiwa amevaa gauni la kanisani. Alishukia karibu na reli, akapanda baiskeli ya bodaboda hadi kwa mwalimu. Kijana wa baiskeli alimfahamu Wekoye vizuri na njia nzima alimsifu kwa viboko alivyomchapa zamani.

Wekoye alikuwa mzee safi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa mtu mbaya. Mkewe, mama Nasimiyu, alileta chai ya maziwa na njugu karanga, akamwuliza mgeni kama mvua imeanza kule kwao. Kitabu cha mji kilikuwa mezani, kurasa zikiwa bado hazijafungwa pamoja, zikisubiri kurudishwa kwa mpiga chapa. Wekoye mwenyewe ndiye aliyemfungulia ukurasa wa kwanza. Uliandikwa hivi: "Mji wetu ulianza walowezi walipofika na kupima mashamba. Kabla ya hapo palikuwa msitu mtupu."

Jepkemboi aliisoma sentensi ile ya pili mara kadhaa. Nyuki wachache walikuwa wamesafiri naye ndani ya mtandio. Walitoka, wakatembea juu ya meza, wakajipanga kwenye neno la mwisho. Wekoye aliwasogeza taratibu kwa kifuniko cha kalamu. Wakarudi. Akawasogeza tena, akaendelea kunywa chai.

"Mwalimu, haukuwa mtupu," Jepkemboi alisema.

Wekoye alisema kwamba kamati ndiyo iliyopitisha maneno. Alisema watu wake mwenyewe walikuja Kitale kama vibarua wa mashamba, wakafukuzwa na kurudishwa, na kwamba kurasa zao kwenye kitabu hicho walizipata kwa kugombana mpaka watu wakatupiana viti. Alisema haya bila kujisifu. Jepkemboi alimwamini. Akamwuliza kama mizinga ya Kitale ameiona kwa macho yake.

"Nimeiona. Ule wa stendi ulinipiga bega."

"Basi iandike."

Mwalimu alivua miwani akaiweka juu ya kitabu, nyuki wakaizunguka.

"Mama, nikiandika mzinga nimeandika mti. Nikiandika mti nimeandika shamba. Na hakuna shamba saa hii halina mwenyewe, ako na hati, ako na watoto, wengine ni jamaa zangu. Hiyo mizinga yenu si historia. Hiyo ni kesi."

"Kumbe mnaisoma vizuri."

"Tunaisoma," Wekoye alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana."

Mama Nasimiyu aliongeza chai. Jepkemboi hakuinywa. Alitamani kuipindua meza ile, kurasa na njugu na miwani vyote viende sakafuni, na kilichomzuia ni heshima ya yule mama aliyesimama na birika. Alishukuru, akafunga mtandio, akaondoka. Nyuki walibaki kwenye lile neno. Kitabu kilipotoka kwa mpiga chapa baadaye, neno lilikuwa pale pale, na mahali pao palikuwa na vidoa vidogo vya njano ambavyo wasomaji walidhani ni kasoro ya karatasi.

Alipofika nyumbani, mzee alimwuliza mwalimu amesemaje. Jepkemboi alifungua mdomo amwambie, akamwona amekaa kitandani na shati lake jeupe mapajani, akijaribu kushona kifungo mwenyewe kwa ajili ya siku ya ufunguzi. Alimpokonya sindano.

"Amesema bado wanafikiria," alisema, na akajichukia.

Nyumba ya Kumbukumbu ilifunguliwa mwezi wa nane, kwa mahema, vipaza sauti na mgeni wa heshima aliyechelewa. Mlangoni, mhudumu alikuwa akiwaelekeza watu kwenye vyumba vya jamii zao, ambako kila mmoja alipokelewa na watu wake kwa vigelegele na soda. Alimwuliza Kiptanui chumba chake ni kipi. Mzee alimwambia kwa Kiswahili chake kizito kwamba amekuja kwa mzinga wake. Mhudumu akamwambia mizinga ni ukumbini, lakini watu wa mlimani ni mwisho kule, karibu na choo. Mzee akaenda ukumbini.

Aliinama akapita chini ya kamba nyekundu. Alivua viatu, akavipanga vizuri, akaikumbatia hewa, akaanza kupanda. Alipanda kama mtu anavyopanda mti mnene wa podo, magoti yakiwa wazi na nyayo zikibana, akipumzika mahali ambapo zamani palikuwa na tawi. Watu waliokuwa karibu walisogeza viti wampishe. Alipofika juu alikaa akiwa ametanua miguu, akafungua kifuniko cha mzinga, akaingiza mkono. Hakuwa na moshi. Nyuki walimtembea mkononi hadi begani na hawakumfanya kitu.

Akaanza kurina. Aliteremsha masega moja baada ya jingine, na wahudumu wa kamati, wakidhani imo kwenye ratiba, walikuja na sinia wakapokea. Asali ilizungushwa ukumbi mzima. Ilikuwa nyeusi na nzuri, na ilinukia kidogo kama kitu kilichoungua. Wakhungu alikula vipande viwili. Mgeni wa heshima alilamba vidole, akafuta mdomo, akapanda jukwaani, na kabla ya yote aliwashukuru ndugu zetu wa mlimani kwa ukarimu wao. Kisha akafungua kitabu kipya cha mji na kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Alisoma kwamba kabla ya hapo palikuwa msitu mtupu. Miguu ya Kiptanui ilikuwa ikining'inia juu ya kichwa chake.

Watu walipiga makofi. Jepkemboi alisimama.

"Huo msitu ulikuwa na wenyewe," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mlituondoa, mkachoma, mkalala, mkaamka mkasema palikuwa patupu. Mwenyewe huyo hapo juu. Mmetoka kula asali yake sasa hivi, hata mikono hamjanawa."

Walimsubiri amalize. Hakuna aliyemkatiza wala aliyemfukuza, na baadaye angetamani wangemfukuza. Mwongoza sherehe alisema asante sana mama kwa mchango huo, akaita kwaya ya akina mama wafanyabiashara, nayo ikaimba.

Mzee hakushuka. Jioni ile walipofunga mahema alikuwa bado amekaa, mkono mmoja juu ya mzinga. Wakhungu alileta ngazi, lakini ngazi haikuwa na mahali pa kuegemea. Kamati ilikutana kesho yake. Ilionekana kwamba mzee hazuii njia, haharibu chochote, na wageni wanampenda. Kibao kilibadilishwa, na hilo likawa badiliko pekee ambalo Jepkemboi alilipata kwa taabu yake yote. Sasa kiliandikwa: MZINGA WA KALE NA MRINA ASALI WAKE. JAMII ZA MLIMANI.

Mwaka haujaisha, mizinga ya mjini nayo ilikuwa imepata matumizi. Kampuni moja ilipaka rangi ile yote ya barabara kuu na kuandika jina lake, alama zikafunikwa. Mwenye ngazi alirina alichoweza. Gicheru wa duka la vipuri alitundika taa kwenye wa kwake. Kule Tuwan, mzinga wa ukoo wa bibi yake Jepkemboi ulibaki kama ulivyokuja. Mwenye nyumba alitaka kuutoa, na Nelima akamwambia akitaka kuutoa ampite yeye kwanza. Mvua kubwa ikinyesha, Nelima alitoka na gunia akaufunika.

"Si una mwenyewe," alimwambia Jepkemboi. "Hata akikawia."

Nyumba ya Kumbukumbu ilikuwa ikifunguliwa kila Jumatano na Ijumaa. Watu waliokuwa na chumba waliingia bure, kwa sababu historia ni yao. Wasio na chumba walilipa kiingilio. Kila Jumatano mhudumu alimwuliza Jepkemboi ametoka wapi, naye alijibu hapa, naye mhudumu akamkatia tiketi ya mgeni. Alikuwa kijana mzuri, na siku nyingine alimbebea kikapu. Humo ndani kulikuwa na chupa ya uji, viazi, ndizi mbivu na kisu cha kumenyea. Mzee aliteremsha kamba, Jepkemboi akafunga kikapu, kikapanda.

Na kila Jumatano, baada ya kunywa uji, mzee aliuliza swali moja.

"Wameshasoma alama?"

"Bado, Baba."

"Watajifunza tu. Mimi nipo."

Jumatano moja mwezi wa kumi na moja Jepkemboi alifika akiwa hajalala vizuri. Alikuwa amepita barabara kuu akaona mafundi wakiipaka mizinga rangi kwa mara ya pili. Ukumbini kulikuwa na watoto wa shule wamesimama kwa mistari, sweta zao nyekundu, na mhudumu alikuwa akiwaeleza historia ya mji. Aliwaambia kwamba kabla ya hapo palikuwa msitu mtupu. Watoto walirudia kwa pamoja: mtupu. Mmoja wao alimpungia mkono mzee, mzee naye akampungia.

Kikapu kilipanda. Mzee alikunywa uji wake, akafuta ndevu.

"Wameshasoma alama?"

Jepkemboi aliangalia juu. Aliziona nyayo zake, zilizopasuka, zikibana mti ambao watu walikuwa wameuchoma miaka mingi kabla yeye Jepkemboi hajazaliwa. Alimpenda sana, na alichoka kumdanganya.

"Wameisoma, Baba," alisema. "Waliisoma tangu siku ile ya kwanza. Walijua ni yenu. Ndiyo maana wakachoma."

Mzee aliinamisha macho kwenye kifuniko cha mzinga. Mhudumu alikuwa amefika kwenye habari za reli. Nyuki waliingia na kutoka, na Jepkemboi alisimama palepale akishikilia ncha ya kamba, akiogopa kwamba amemwua babake kwa maneno.

Kisha Kiptanui aliingiza mkono kikapuni, akatoa kile kisu cha kumenyea. Alikijaribu makali kwa kidole gumba. Akauinamia mzinga, akaanza kuikata alama ya ukoo upya, ndani zaidi kuliko ilivyokuwa, halafu ule mkato wake wa upande, polepole, kisu safari hii kisiteleze. Unga wa mbao ulianguka chini, ukawapata watoto vichwani na kwenye sweta, ukajaa sakafuni.

Mhudumu alisimamisha maelezo yake, akaenda kuchukua ufagio.